Joka Juu ya Kilima cha Dagaa

Nianze na ujinga wenyewe, maana utajulikana tu. Nilimchora mama yangu mzazi akiwa na mkia. Mkia mrefu, wa magamba, uliozunguka kilima mara mbili na ncha yake kali kama jembe jipya. Mchoro huo niliuchora kwenye jalada la kitabu cha shule, na kitabu hicho kikaishia mezani siku ya kikao cha wazazi, kikao ambacho kisingeweza kuanza bila yeye.

Kabla hamjanihukumu, sikilizeni chanzo.

Shule yetu iko Msamala, Songea, na ina chumba kimoja tunachokiita maktaba. Zamani kilikuwa stoo ya majembe. Ni kidogo, lakini kina sakafu ya saruji na dari, na hivyo si vitu vya kudharau. Darasani kwetu, kidato cha tatu, mvua ikinyesha somo linakuwa ni mabati. Ndani ya chumba hicho kuna maboksi ya vitabu vya hadithi, zawadi ya mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa huko alikofanikiwa. Si hadithi za sungura kumtapeli fisi. Ni za majoka yanayoruka, majitu yanayolala miaka mia, msichana anayegeuka chui kila akipiga chafya, na mvulana aliyetumwa kisimani akatokea nchi ambayo mvua inanyesha kwenda juu.

Siku maboksi yanafunguliwa nilikuwepo. Nilikuwa nimepewa adhabu ya kufagia chumba kile, adhabu pekee ambayo nimewahi kuitumikia kwa moyo. Nikayaona majalada. Kuna moja lilikuwa na ndege mkubwa kama lori, mgongoni kwake kakaa binti na taa, chini yao mji mzima umelala kwenye mawingu. Jingine lilikuwa na mlango tu, katikati ya msitu, hauna nyumba, na mwanga unavuja kwenye tundu la ufunguo. Nilisimama na fagio pale mpaka mwalimu akaniuliza kama ninafagia au ninachagua mchumba.

Mwalimu huyo ndiye wa Kiswahili, na ndiye mwenye maktaba. Ni mama mpole ila ana imani moja tu isiyotikisika: kitabu lazima kivalishwe. Mnajua wenyewe. Kila Januari mama zetu wanakaa sakafuni na mkasi, wanafunika madaftari kwa karatasi ya kaki, na kaki ikiisha wanahamia kwenye mfuko wa saruji au kalenda ya mwaka jana. Daftari lisilofunikwa ni sawa na mtoto aliyekwenda kanisani bila viatu. Basi mwalimu akavivalisha vitabu vyote vya maktaba. Ndege mkubwa, kaki. Mlango wa msituni, kaki. Alimaliza wiki nzima, na alipomaliza rafu zilifanana na ghala la matofali.

"Mwalimu," nikasema, "sasa tutajuaje kipi ni cha joka?"

"Utafungua usome."

"Na picha?"

"Mkono wa mwanafunzi ni msasa. Miezi miwili tu hiyo picha ingekuwa imeisha. Humo ndani ipo salama."

Ilikuwa salama kweli, kama pesa ya marehemu. Hakuna aliyeiona. Daftari la kuazimia vitabu lilikaa muhula mzima na jina moja, langu, na kati ya vile nilivyoazima kuna kimoja nilikifungua kona ya kaki kwa wembe ili nichungulie. Niliona ukucha mmoja tu wa joka. Sikulala vizuri siku hiyo.

Hapo ndipo mahindi yalipoingia kwenye hadithi.

Wazazi wetu huchangia mahindi ya chakula cha mchana baada ya mavuno. Mwaka uliotangulia yaliwekwa kwenye kibanda cha jikoni, wadudu wa dumuzi wakayavamia, na tukala ugali wenye ladha ya vumbi mpaka Novemba. Makamu mkuu wa shule akatafuta chumba kikavu, chenye sakafu na dari. Akatazama daftari letu la kuazimia. Akatangaza paredini kwamba vitabu visivyosomwa vitarudishwa kwenye maboksi, na chumba kitapokea magunia, wazazi wakiridhia kwenye kikao. Na aliyebeba jambo hilo upande wa wazazi ni mwenyekiti wa kamati ya chakula. Mama yangu.

Mama huuza dagaa wa Nyasa sokoni. Mwaka ule wa dumuzi alijitolea kupepeta mahindi ya shule kila Jumamosi, kwa hiyo mimi nyumbani nikitaja maktaba alikuwa ananiangalia hivi, ananiambia, "Mwanangu, tumbo halijui kusoma." Anaendelea kuchambua dagaa zake.

Nilikwenda kwa mwalimu. Nikamwambia kama hataki kuvua kaki, aniruhusu nichore juu ya kaki. Alifikiri, akasema kaki ni mali yake, kitabu ndicho mali ya shule, kwa hiyo nichore.

Tatizo ni kwamba mimi siwezi kuchora mtu ambaye sijamwona. Nikijaribu kutunga sura kichwani inatoka kiazi. Basi nikatumia sura zilizopo. Mchawi wa kwenye kasri la barafu akawa mwalimu wa hesabu, na fimbo ya uchawi nikamwachia ileile anayoingia nayo darasani. Jitu linalolala miaka mia likawa makamu mkuu, na koti lake na kalamu tatu mfukoni. Mlinzi wa shule nikamfanya mzimu. Yeye alikuwa rahisi, kwani hata bila kuchorwa hakuna aliyewahi kumwona lindoni. Mlima wa majoka ukawa Matogoro na ukungu wake, sina mlima mwingine. Nyeusi nilipata kwenye mkaa, bluu kwenye ile bluu ya kufulia mashati, na dhahabu nikaipata kwenye kopo la manjano jikoni kwa mama.

Nilipofika kwenye kitabu cha joka jike linalolalia hazina yake pangoni na kuwafukuza wezi, mkono wangu ulijiendea wenyewe. Nani mwingine? Mmeshamwona mama sokoni? Amekaa nyuma ya kilima cha dagaa kinachong'aa, kopo la kupimia mkononi, na mteja akionja dagaa wa tatu bila kununua anapata jicho linalomrudisha mpaka Madaba kwa miguu. Nikachora kilima cha dagaa, nikakipaka manjano kikawa dhahabu. Juu yake joka, kitenge kichwani, kopo kwenye ukucha, jicho lile.

Ila mimi si mjinga kiasi hicho. Mama ana mwanya, na mwanya huo una historia. Baba husema alikwenda sokoni kununua dagaa akarudi na mwanya. Nikajua ukionekana mwanya tu, Songea nzima itasema ni yeye. Kwa hiyo nikauziba. Nikampa joka meno yaliyobanana kama watu kwenye foleni ya mbolea. Nikajiambia, hapa hata baba hamjui.

Mwenzangu wa dawati alikiona kitabu kwa sekunde moja. "Huyu si mama yako?"

"Joka hilo."

"Mama yako kaota mkia lini?"

Nilichofanikisha ni hiki. Kuanzia Jumatatu ile maktaba ilikuwa na foleni. Watu walikuja kumcheka mwalimu wa hesabu kwenye jalada, kisha wakataka kujua anakufa ukurasa wa ngapi. Na ukitaka kujua ukurasa lazima usome. Mtu aliyekuwa hajawahi kumaliza hata maelekezo ya mtihani alimaliza kurasa mia mbili kwa siku nne, akarudi amenuna kwa sababu mchawi anatubu na kuwa mtu mzuri. Daftari la kuazimia likajaa, mwalimu akaanzisha jingine, na akalivalisha kaki.

Kitabu cha joka kilichukuliwa na dada mmoja wa kidato cha nne, nami nikashukuru. Mpango wangu ulikuwa akikirudisha nikifiche hadi kikao kipite. Alikirudisha asubuhi ya kikao. Mwalimu alikuwa ametoa meza nje ya mlango wa maktaba ili wazazi waone vitabu wakati wa kuingia bwaloni. Akakipokea, akakitazama, akasema hiki ndicho kilichochorwa vizuri kuliko vyote. Akakisimamisha mbele.

"Mwalimu, hicho hakijakauka," nikasema.

"Kimekaa kwa mtu wiki tatu."

Wazazi walianza kupita. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, mwenzangu wa dawati pembeni yangu akinihesabia dakika za kuishi. Akina mama wa sokoni walifika watatu pamoja, na mama katikati. Wa kwanza aliinama mezani, akainuka, akamgusa mwenzake. Wakainama wote.

"Mwenyekiti," mmoja akasema, "njoo ujione huku. Umepewa mkia."

"Na kopo lako hilo," akasema mwingine. "Hata pale lilipobonyea."

Mama alisogea mezani. Alikichukua kitabu, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akalinusa jalada. Nilikumbuka lile kopo la manjano, lililoisha nyumbani bila sisi kula pilau hata mara moja, nikajibanza zaidi nyuma ya nguzo. Mama akakitia kitabu kwapani, akaingia bwaloni.

Sisi tuliruhusiwa kusikiliza dirishani. Makamu mkuu alieleza habari za dumuzi, na alieleza vizuri, kwa kuwa njaa ya mchana wote tunaijua. Mwalimu wa Kiswahili akainua madaftari mawili ya kuazimia akayaonyesha, akakaa, akaanza kupepesa macho. Na mama? Mama alikuwa safu ya mbele, anasoma. Yeye aliishia darasa la saba, anasoma kwa kidole na midomo inacheza, na kidole kilikuwa kinatembea, hakisimami.

"Basi tumsikilize mwenyekiti wa kamati ya chakula," akasema makamu mkuu.

Kidole kikaendelea.

"Mwenyekiti. Mama."

"Subiri kidogo, mwalimu," mama akasema bila kuinua kichwa. "Hawa vijana wanaingia pangoni."

Bwalo likacheka. Yeye hakucheka. Alifika mwisho wa ukurasa, akakunja kona ya karatasi, na mwalimu wa Kiswahili akaumia waziwazi. Akasimama.

"Mahindi yanataka chumba kikavu, hilo nimelisema mimi na silirudishi," akasema. "Lakini mimi nilidhani humo kuna vitabu vya mitihani vya zamani. Sikuambiwa kuna mambo haya. Sasa nauliza. Chumba kingine chenye dari hapa shuleni ni kipi?"

Wazazi wakatazamana. Halafu mzee mmoja nyuma akasema, "Si ofisi ya makamu?"

"Ofisi ya makamu ina vyumba viwili," mama akasema. "Nimeingia, nimeona. Kimoja anakaa yeye. Kingine anakaa kabati na baiskeli. Baiskeli haiogopi dumuzi."

Makamu mkuu alitazama mikono iliyokuwa imeshainuka bwalo zima kukubali, akaandika uamuzi. Mpaka leo anafanya kazi akiwa na magunia nyuma ya mgongo wake, na mara kwa mara punje moja inadondoka kwenye shati. Kwa haki niseme kwamba mwaka huo ugali ulikuwa mzuri.

Lakini mimi shangwe hiyo sikuifaidi. Chumba kilikuwa kimepona, mimi bado. Baada ya kikao mama aliandika jina lake kwenye daftari la kuazimia, mzazi wa kwanza kufanya hivyo, akashika njia ya nyumbani na kitabu kwenye kikapu. Nikamfuata nyuma hatua kumi. Hakusema neno. Tulipita dukani, akanunua manjano mapya, hakusema neno. Wamama wa jirani wakamwuliza habari za kikao, akasema, "Nzuri, tumejadili mahindi." Ukimya wa mama yangu nakuambieni ni somo linalojitegemea.

Nyumbani alivua kitenge, akawasha jiko, akaanza kukaanga dagaa. Kitabu akakiegemeza kwenye ndoo ya maji, joka likinitazama. Nikaona bora nijimalize mwenyewe. Nikapiga magoti. Nikasema ni mimi niliyechora, ni mimi niliyemaliza manjano, mkia ulikuwa utani, kilima cha dagaa kilikuwa heshima, na jicho ndilo lilivyo sikuliongeza kitu. Nikasema yote. Nikangoja mwiko.

Mama aligeuza dagaa. Akapunguza moto. Akalichukua jalada akalisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akalitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye yale meno.

"Mkia nimekusamehe," akasema. "Sasa mwanya wangu umeupeleka wapi?"