Gauni la Bluu la Evangelina

Evangelina alizikwa Bagara wakati wa masika, na mama yake Kornelia alisimama pale mpaka shimo likajaa udongo. Kwa hiyo siku ya Agosti ambayo jirani yake Ritha alimwambia, "Mama Evangelina, binti yako amenisalimia," aliendelea kupepeta maharage, akidhani anasimuliwa ndoto.

"Si ndoto," Ritha akasema. "Ni kwenye simu. Anasema yuko Singida, hali si nzuri, nimsaidie chochote."

Kornelia hakuingia darasani maisha yake yote, lakini uso wa mwanawe hauhitaji kusoma. Ungo ulimponyoka. Kwenye kioo cha simu Evangelina alikuwa anamtazama, amevaa gauni la bluu.

Na Evangelina hakuwahi kuwa na gauni la bluu. Wakati wa msiba Kornelia alipeleka picha ndogo ya marehemu kwa Damasi, mwenye duka la kuchapa karibu na stendi, naye akaikuza, akamvika gauni kwa kompyuta ili apendeze mbele ya jeneza. Picha ile isingeweza kutoka kwingine.

Alimkuta Damasi peke yake dukani.

"Mama, kompyuta yangu iliibwa tangu Mei," alisema kwa sauti ya chini. "Picha, vyeti, namba za wateja, vyote vilikuwemo. Haikuwa hata na neno la siri."

"Picha ya mwanangu ilibaki humo ikifanya nini? Nililipa, nikaichukua."

"Huwa hatufuti. Mtu anaweza kurudi kuchapa nyingine."

"Marehemu arudi?"

Damasi akamwomba asimwambie mtu, maana wateja wakisikia watakimbia. Ndivyo ilivyo: maskini akinyamaza anaitwa mjinga, mwenye duka akinyamaza anaitwa mwenye busara.

Salamu za Evangelina ziliendelea kuingia kwenye simu za watu, nyumba moja baada ya nyingine. Sokoni, Kornelia alikouza maharage, wakaanza kusema kwamba hakuzika mtu, alizika mgomba. Binti ni msukule, anamlimia mahindi shambani huko Sigino. Kornelia akisema picha imetoka kwa Damasi, Damasi anasema hajui lolote.

"Lisemwalo lipo," Lukresia wa meza ya jirani alisema, akivuta nyanya zake mbali na maharage ya Kornelia. "Kama halipo, laja."

"Lukresia, wewe ulimwosha maiti pamoja nami."

"Niliosha nilichoonyeshwa, dada."

Tangu hapo hakuna aliyenunua kwake. Kornelia akataka jambo moja tu: Damasi asimame mbele ya jumuiya yao ya Kikristo, aseme sura ile ilitoka wapi. Damasi akabandika karatasi mlangoni. Ritha akamsomea: wateja wapendwa, kumetokea hitilafu ndogo, tunaishughulikia.

"Wanaoniita mchawi hawasomi mlango wako," Kornelia akamwambia Damasi. Kesho yake akahamisha maharage yake, akatandika gunia kwenye kizingiti cha duka. Kila aliyekuja na bahasha alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, hicho unachokiacha humo, utakikuta Singida?" Wengine walicheka. Wengi waligeuza.

"Mama Evangelina, unaniua," Damasi alimwambia.

"Hapana. Nauza maharage."

Jumapili jumuiya ilipokutana kwa Ritha, Damasi alisimama, kofia mkononi. Alieleza wizi wote, na gauni alilolichora mwenyewe. Akasema siku ileile ya wizi alipaswa kwenda polisi na kumpigia kila mteja, ili watu wajue kwamba salamu hizo ni za matapeli. Alipaswa kufuta kazi ya mtu ikishachukuliwa, na kuifunga kompyuta kwa neno la siri. Kwa polisi alikwenda jana tu.

"Na kitambulisho changu?" mzee mmoja akauliza.

"Kilikuwemo, baba."

"Miezi yote hii unaniamkia shikamoo tu?"

Nyumba ikachafuka. Katikati ya kelele Lukresia alikuja, akapiga magoti mbele ya Kornelia, akamshika mikono. "Pole, dada. Kumbe ni kweli alikufa."

"Alikufa," Kornelia akajibu.

Lilikuwa neno alilolipigania, na lilimwingia kama jembe. Hakumwambia mtu yeyote kwamba tangu salamu ya kwanza, ingawa alilijua lile gauni, ingawa alimwosha mwanawe kwa mikono yake, alikuwa akifikiri: huenda Singida wamemnunulia la bluu. Tangu Agosti alikuwa akilala bila kufunga mlango.

Alirudi nyumbani wakati kuku wakiingia bandani. Akasimama mlangoni akitazama njia mpaka kuku wa mwisho akaingia. Kisha akasukuma komeo. Lilikuwa limeshika kutu, akalisukuma kwa mikono miwili.