Marahaba ya Kifuani

Hebu mwone anavyoingia, msomaji wangu: mwanajeshi mstaafu kutoka Magindu, kola imefungwa hadi juu kuficha tundu aliloachiwa kooni na matibabu ya saratani. Bila fidia ya ulemavu atazeekea kwenye lindo la shamba la watu, mlinzi asiyeweza hata kupiga kelele. Karani wa ofisi ya fidia ya Kisarawe akimwamkia shikamoo, yeye hugusa kifua. Marahaba yake ndiyo hiyo. Leo ametoa kalamu, akaomba karatasi kwa ishara.

"Hapana, babu. Mahojiano ni kwa mdomo. Mikono unayo, miguu unayo, huo ulemavu uko wapi?"

Mzee akafungua kola. Karani akatazama dirishani, akaandika: "Mwombaji amekataa kujibu." Jamani, alitakiwa ajibu kwa koo la nani?