Mnyoo Mmoja, Vichupa Viwili

"Limwage basi! Limwage, mdogo wangu, halafu uone kama nitakusamehe hata kaburini!"

"Nalimwaga. Na kaburini huendi, dada, kwa sababu leo huendi popote. Ndara zako nimezikalia."

Nilikuwa nimezikalia kweli. Ndara zake, pea moja aliyobaki nayo, zilikuwa chini ya makalio yangu, na makalio haya wa kuyahamisha bila ridhaa yangu hajazaliwa. Dada yangu alikaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa kichwani kimefungwa tayari kwa kutoka, mikono juu ya magoti. Katikati yetu, juu ya kigoda, palikuwa na beseni la bati lenye maua ya bluu ubavuni. Limejaa maji ya bahari, na ndani yake sifongo hai, rangi ya godoro kuukuu lililosahauliwa mvuani.

"Maji yanakupwa saa saba," akasema. "Yakishakupwa nashuka nalo mpaka kwenye mwamba, nawarudisha minyoo kwao. Ni hilo tu. Nimeua mtu?"

"Ukishuka mwambani na macho yako hayo hurudi."

"Nani kakwambia nataka kurudi?"

Mimi si mtu wa kukosa jibu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hata nikifa nitajibishana na wanaonizika. Lakini hapo nilijisogeza tu, nikazikalia ndara vizuri zaidi. Alilisema taratibu, kama anayetaja bei ya vitunguu, na hakupepesa jicho.

Dada yangu huyu watu walimwita Bi Chekeche, maana alishika chekeche miaka thelathini na minne. Si la unga, la matope. Mwisho wa mtaa wetu palikuwa na kituo cha kuchunguza viumbe wa baharini, jengo refu lenye madirisha ya chuma yaliyoliwa na kutu. Yeye aliingia pale na ufagio. Wasomi walichota matope chini ya miamba, wakayaosha juu ya machekeche matatu yaliyopandana, la juu tundu kubwa, la kati tundu dogo, la chini tundu la kupita chumvi, kisha wakachagua kilichobaki juu ya sinia jeupe. Siku yake ya tatu kazini alisimama nyuma ya msomi mmoja akamwambia, "Baba, umeacha watu kumi na wawili hapo kwenye sinia." Msomi akacheka. Akainama tena na kioo chake cha kukuzia. Akawakuta kumi na watatu, kwa sababu mmoja alikuwa amejikunja ndani ya konokono. Ufagio akapewa mwingine.

Mimi shule sikuiona hata paa lake. Herufi nilizijua kwa vibandiko vya vichupa alivyovileta nyumbani kuvikausha, ndiyo maana mpaka leo neno "mkia" naliandika nimefumba macho, lakini neno "ndoa" nabahatisha.

Nikisema mnyoo msimfikirie wa tumboni. Huyu wa dada yangu alikuwa mwembamba kama uzi wa cherehani, urefu wake ukucha wa kidole cha mwisho. Mwili wake ni pingili tupu, arobaini na kitu, na kila pingili ina kikasia kimoja kulia na kimoja kushoto, na kila kikasia kimeshika kitita cha nywele ngumu zinazong'aa kama vioo vilivyosagwa. Kichwani ana macho manne mekundu na vipapasio vitatu virefu. Ndani ya koo ana jino moja. Moja tu, kama mimi, ila lake linafanya kazi: analichoma kwenye nyama ya sifongo, kisha anafyonza. Ukimweka kwenye mwanga unaona chakula kikishuka pingili kwa pingili, maana ngozi yake haifichi kitu. Na humwoni akitembea ovyo. Nyumba yake ni vijia vya ndani ya sifongo, chini ya mwamba, pale ambapo maji huondoka siku chache tu za mwezi. Ukiipasua sifongo moja ya ukubwa wa ngumi unawakuta mamia, kila mmoja na ujia wake, hakuna anayegombana na jirani. Dada alikuwa akiniambia, "Wale wanaishi vizuri kuliko sisi wa mtaa huu." Nami nilimjibu kwamba wale hawana shemeji.

Sasa, minyoo hawa hukatika kwa kuguswa tu. Kwa hiyo kituoni walikuwa na mwiko mmoja wa kazi: ukimkuta amekatika, vipande vyote vinaingia kichupa kimoja, chini ya kibandiko kimoja. Kibandiko kiandikwe kwa penseli, maana wino hukimbia ndani ya spiriti. Dada aliushika mwiko huo miaka thelathini na miwili bila kosa. Kisha macho yakaanza kumwingia ukungu, akaficha, maana angesema wangemstaafisha. Hata mimi alinificha, mimi niliyelala naye kitanda kimoja tangu tunanyonya.

Asubuhi moja akaona kwenye sinia mnyoo ana macho manne mbele, na katikati ya mgongo macho mengine manne. Akasema moyoni, hawa ni wawili, mmoja kamng'ata mwenzake mkia. Akachukua sindano yake ya mpini wa mti, akawaachanisha. Wa mbele akamtia kichupa hiki, wa nyuma kichupa kile, akaandika vibandiko viwili kwa penseli.

Mkuu wa kituo alikuwa mama mmoja mkimya, sisi tukimwita Daktari wa Minyoo. Akavishika vile vichupa, akavitazama, akavirudisha mezani.

"Mama, hawa si wawili," akamwambia dada. "Ni yule yule. Siku za kuzaa zikikaribia, nyuma yake huota macho yake yenyewe. Halafu huchomoka, huondoka kivyake, hupanda juu ya maji kwenda kutaga."

"Na wa mbele?"

"Wa mbele habanduki. Anabaki kwenye sifongo anakula, anaota mkia mwingine."

"Na huyo aliyeondoka anakula nini?"

"Hali. Hana koo la kulia, hakuumbiwa kukaa. Akishataga anapasuka, basi." Daktari akacheka kidogo. "Wewe umemwandikia mtu mmoja vitambulisho viwili."

Dada hakucheka. Alinihadithia jioni ile tukimenya viazi, akarudia mara tatu, "Nimewaachanisha kabla ya siku yao. Mmoja kichupa hiki, mmoja kichupa kile." Nikamwambia aache ujinga, kosa la mnyoo halipelekwi mahakamani.

Basi sikilizeni. Nina uongo mwingi, sikatai, na watu wazima wameulipia kwa sukari na tumbaku ili niuendeleze. Lakini huu si mmoja wao. Nikidanganya, jino hili lililobaki lidondoke kwenye karatasi.

Kesho yake mlinzi wa geti alimsimamisha akitoka. "Bi Chekeche, umeingia mara mbili, katikati hujatoka. Umepita wapi, dirishani?" Dada akadhani utani. Mlinzi akamfungulia daftari la mahudhurio. Majina mawili, mwandiko mmoja, ule wa kulaza herufi kama zimechoka. Moja la wino, la saa moja na nusu, ndilo alilojua kuliandika. Lingine la saa mbili kasoro robo, la penseli.

Nilipokwenda mwenyewe kuhakikisha, maana mimi sili cha kuhadithiwa, mlinzi alinionyesha ukurasa. Nikaupitisha kidole. La penseli lilikuwa na unyevu.

Macho yakazidi, Daktari akagundua, dada akastaafishwa. Walimpa saa ya ukutani na maneno mazuri. Yeye aliomba sifongo moja yenye wenyeji wake, akaileta nyumbani ndani ya beseni lile la maua. Kila siku ya pili alishuka na ndoo kubadilisha maji. Nililala chumba kimoja na beseni hilo miaka miwili, na ninawaambia nililoliona: bahari ikikupwa huko nje, maji ya beseni yalishuka vidole viwili. Dirisha limefungwa, bati halivuji, sakafu kavu. Bahari ikijaa, yanapanda. Nilichora mstari kwa mkaa nikadhani nitaliumbua. Likaniumbua mimi.

Kisha mwezi uliopita nilimkuta dada kwenye kona ya ukuta wa kituo, mchana kweupe, ameelekea baharini. "Dada, unangoja nani?" Akanigeukia. Alinitazama kama mtu anavyotazama picha ya ndugu yake. Akarudisha uso baharini. Nikasonya, nikaondoka zangu, nikafika nyumbani nikamkuta jikoni, viazi nusu vimemenywa, maganda kajaza sinia.

"Umepita njia gani ukanitangulia?"

"Sijatoka tangu asubuhi, mdogo wangu. Umeshaanza kuzeeka?"

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko yeye.

Hii ndiyo habari niliyokuwa nimeikalia pamoja na zile ndara. Nilitaka kulimwaga beseni mtaroni ili asiwe na sababu ya kushuka kwenye mwamba ule wenye utelezi. Hasira zake ningezibeba. Maiti yake nisingeweza. Ila kulikuwa na tatizo ambalo nyote mmeshaliona: kumwaga beseni lazima niinuke, na nikiinuka ndara zinakuwa zake.

"Unafikiri sijui unachowaza," akasema kutoka kitandani. "Inuka basi."

"Sina haraka. Wewe kunywa chai kwanza."

Chai ilikuwa kwenye meza ndogo, imefunga utando. Ile haikuwa ya asubuhi hiyo. Kando yake mkate wa jana, na chini ya wa jana mkate wa juzi, mgumu kama kigae. Nikaikumbuka mikate hiyo mmoja mmoja, jinsi nilivyoileta mwenyewe, na jinsi nilivyoambiwa weka hapo, nitakula.

"Dada. Umekula nini tangu Jumatatu?"

"Sina njaa. Koo halitaki."

"Siku tatu?"

"Usiniulize habari za chakula." Sauti ilikuwa yake, ile ile iliyonifundisha kufunga kamba za gauni. "Nipe ndara."

Mchana wa saa sita mtaa wetu hauna kelele, watu wamejificha jua. Nikasikia mchakacho mdogo, kama mtu anayesugua kucha kwenye kitambaa. Ulitoka kwenye beseni. Nikainama.

Walikuwa wanatoka. Kwenye kila tundu la sifongo palichungulia kitu chembamba chenye vitone vyekundu, kikajisukuma kwa vikasia vyake, kikachomoka, kikaanza kuzunguka juu ya maji. Kumi, ishirini, nikaacha kuhesabu. Walikwenda upande mmoja wote, wakagonga bati, wakarudi, wakagonga tena pale pale. Upande wa baharini.

"Unaona," akasema dada. "Siku yao imefika. Hawana muda mrefu, usiwazuie."

"Na wewe?"

Alikuwa analitazama beseni, na macho yake, yale yaliyoingia ukungu mpaka akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, yalikuwa maangavu kama ya msichana.

"Dada, huo uzi wa kitambaa chako umefumuka pale pembeni," nikamwambia. Uongo mtupu, nilitaka kumpima tu.

"Haujafumuka," akasema bila kukigusa. "Na wewe una sisimizi kwenye kola."

Nikajipapasa. Nilikuwa naye.

Hapo ndipo nilipoinuka. Sikuinuka kwa ushujaa, miguu iliniinua yenyewe. Nikalikumbatia beseni kifuani, maji yakanimwagikia tumboni, baridi kama ya kisimani, nikalielekea mlango. Nilisema, "Ninalimwaga! Wallahi ninalimwaga, na wewe utabaki hapa na mimi, ukipenda usipende, tule huu mkate mkavu mpaka tufe wote!" Nyuma yangu nikasikia kitanda kinalia, halafu ndara ya kwanza inaburutwa sakafuni, ikavaliwa.

"Mdogo wangu, nipishe mlangoni."

"Sikupishi! Nitakupisha vipi, nitabaki na nani?"

"Utabaki na..."

Mlango ukasukumwa kutoka nje, ukanigonga kiwiko.

Aliingia akipapasa fremu ya mlango kwa vidole, maana macho yake hayaoni kizingiti. Chekeche la tundu dogo lilikuwa kwapani. Miguu mitupu, matope yamemkaukia mpaka kwenye vifundo, kitambaa kichwani kimefumuka pembeni.

"Ah, mdogo wangu, uko hapo?" akasema dada yangu, akanusa. "Nimechekecha matope huko mwambani siku tatu mfululizo, hakuna aliyenipa hata tonge. Nina njaa ya kula meza. Mkate huo ni wa nani? Na ulikuwa unabishana na nani?"

Nyuma yangu ndara ya pili haikuvaliwa.