Mguu wa Breki

Kazini wanamwita Breki, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Mtu ameendesha mabasi tangu ndevu hazijamwota, leo ameajiriwa akae nyuma ya usukani na asiendeshe. Gari linajiendesha lenyewe. Yeye mikono mapajani, macho barabarani, akanyage breki pale tu gari linapokosea, vinginevyo atulie kama anapigwa picha. Sasa nenda kauambie mguu wake wa kulia utulie! Lori likichomoza tu, mguu unakanyaga sakafu. Hata kitandani unakanyaga, na mkewe amekula mateke mpaka akahamia upande wa ukutani.

Kinachomnyima raha zaidi ni gari lenyewe, maana halina tabia ya kudumu. Mainjinia huliwekea programu mpya kwa mtandao, bila spana wala tone la oili, na asubuhi linaamka gari jingine. Jana lilisitasita kwenye mzunguko kama mgeni mlangoni, leo linakata kona kama limechelewa mazishini. Basi lake la zamani lilivuta kushoto, na lilivuta kushoto hivyo hivyo mpaka likafa. Hilo unalijua. Hili utalijuaje?

Wiki iliyopita alifunga breki za bure mara tatu: mfuko wa plastiki, kivuli, na njiwa. Msimamizi akamwita, akamwambia kwa upole kabisa kwamba mguu wake unaharibu majaribio. Akirudia bila sababu, watamtoa barabarani, akafungue na kufunga geti la kampuni. Jamani, kwa mtu kama Breki, geti ni kaburi. Alitoka pale ameapa kuuzuia ule mguu, hata ikibidi aukalie.

Mambo hayaji peke yake. Wiki hii wakabadilisha njia, na njia mpya ikapita mbele ya banda la mkewe, fundi cherehani. Huyo mama ana zake. Tangu enzi za basi, akitaka kwenda duka la nyuzi ng'ambo ya pili na akauona uso wa mumewe nyuma ya kioo, huinua mkono na kuvuka bila kugeuza shingo. Majirani walipomwonya, aliwajibu kwamba mumewe ndiye mwenye breki, sasa aogope nini? Breki alikuwa akivimba kichwa kwa maneno hayo. Safari hii alimsihi aache, maana si yeye anayeendesha. Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu.

"Uso wako, kiti chako, halafu si wewe?"

Mazoea yana taabu, wala hayasikii dawa.

Asubuhi yenyewe gari lilikuwa limeamka na programu mpya. Injinia, binti mpole anayekaa kiti cha nyuma na kompyuta yake, alieleza kwamba sasa limefundishwa lisiwe na woga wa bure. Breki hakupenda neno hilo. Alikaa roho juu njia nzima, mpaka wakaukaribia mtaa wenye banda la mkewe. Akamwona mkewe anatoka bandani, futi ya kupimia shingoni. Mkewe akamwona. Akainua mkono, akaingia barabarani.

Gari halikupunguza mwendo. Breki aliliona hilo waziwazi, na mguu ukainuka. Hapo ndipo geti lilipomjia kichwani. Akausimamisha mguu hewani, angoje kidogo, aone kama gari nalo limemwona. Ni muda wa kupepesa jicho tu. Kisha akakanyaga kwa uzito wake wote, akakuta pedali imeshazama yenyewe. Gari lilikuwa limemtangulia.

Mkewe alipiga boneti makofi mawili, kama kawaida yake, akaenda zake kununua uzi. Injinia alifurahi kupita kiasi.

"Mzee, leo umetulia vizuri sana," alimwambia.

Breki alishukuru, akaomba kushuka kidogo. Alisimama kando ya barabara, akiutazama mguu wake kwa aibu.

Jioni alimkuta mkewe anamsimulia jirani jinsi dereva wake alivyomsimamishia gari la kisasa. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini alishindwa kukaa, akashindwa kusimama, akazunguka chumba mpaka jirani akaaga.

"Si mimi niliyesimamisha," akasema. "Ni gari."

"Na wewe je?"

"Nilikuona. Nikangoja."

Mkewe akauliza alikuwa akingoja nini, naye akamweleza yote, na geti pia. Mwanamke yule hakugomba. Heri angegomba, angevunja hata sahani. Aliupinda upindo wa gauni alilokuwa akishona, akaukata uzi kwa meno, akauliza kama amekwisha kula.

Kesho yake walipita tena pale pale. Mkewe alikuwa ukingoni mwa barabara, kikapu cha vitambaa mkononi. Alimwona mumewe, na mkono wake ukaanza kuinuka kama siku zote. Haukufika juu. Aliushusha, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akarudi hatua moja nyuma. Akasimama pale na watu wengine, akingoja gari la mume wake lipite.