Gari Lisilosikika Getini

Juzi niliingia yadi ya magari hapa Singida mjini kupiga picha za kuringishia. Shule niliacha darasa la sita, lakini kwa magari mtaani kwetu hakuna wa kunifundisha.

Nikamkuta mzee wa Iguguno ananunua gari la haibridi, lile la petroli ambalo pia unalichaji nyumbani. Dada muuzaji, anayeyajua magari kweli, akamwambia, "Baba, likiwa na chaji halitoi hata mlio."

Mzee akatoa mkono kwenye usukani. "Sasa mbwa atajuaje nimefika? Tangu mama watoto afariki, anayenipokea getini ni yeye tu."

Nikacheka. Dada hakucheka. "Ukikaribia nyumbani bonyeza hapa, injini ya petroli itawaka."

Mzee akabonyeza, injini ikanguruma, akainamisha kichwa kuisikiliza. "Hapo sawa, mwanangu. Hapo atanisikia." Akalinunua.

Nami nikapanda pikipiki yangu, ambayo ekzosi yake nimeitoboa makusudi ili mji mzima unijue. Nilipofika geto, chumbani kwangu ninakopanga, nikapiga resi weee. Majirani wote walinisikia. Wakafunga madirisha.