Fundi Asiyesema Kesho

Mafundi wa mtaani kwetu ni wengi, na karibu kila mmoja ana mteja anayemwita mwongo. Si kwamba ni watu wabaya. Fundi huona haya kumwambia mteja kuwa kazi yake haijaguswa, basi humwambia aje kesho. Na kesho akija, huambiwa gundi haijakauka. Fundi wa mafriji, ambaye karakana yake imetenganishwa na chumba cha kinyozi kwa ukuta wa mbao tu, hakuwa na desturi hiyo. Kazi iliyowezekana aliimaliza siku ileile, mteja akiwa amekaa kwenye benchi. Isiyowezekana aliikataa palepale. Kwa sababu hiyo watu walimwita Leoleo, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mama yake.

Mimi na yeye tulikutanishwa na bia. Tulikuwa watatu: yeye, kinyozi, na mimi niliyekwisha kustaafu kazi ya kupima ardhi. Kila Ijumaa jioni tulikaa kwenye meza ya pembeni katika baa iliyo nyuma ya soko, tukanywa chupa mbilimbili, tukabishana mambo yasiyotuhusu, kisha kila mmoja akarudi kwake chakula kingali moto. Ndipo bei ilipoanza kupanda. Mwenye baa, mama mmoja mnene mwenye masihara, aliiandika kwa chaki ubaoni, na kila alipoushika ufutio tuligeuza nyuso kama watoto waonao sindano. Mara ya kwanza alisema ushuru umepanda. Mara ya pili, mafuta ya malori. Mara ya tatu hakusema kitu, nasi hatukuuliza. Tulishuka kutoka chupa mbili hadi moja, na mwishowe tukawa tunaagiza chupa moja na glasi tatu. Kinyozi ndiye aliyekuwa mgawaji. Aliinama hadi jicho likawa sawa na ukingo wa glasi, akamimina kama mtu apimaye dawa ya mtoto mchanga.

"Bwana, mbona yangu povu tupu?" Leoleo alimwuliza.

"Povu nalo limelipiwa, ndugu yangu. Lilambe."

Mwenye baa alitupitia na kitambaa chake cha kufutia meza, akasimama. "Jamani, hii chupa mnainywa au mnaiaga?"

Tulicheka, lakini tulipokuwa tukirudi Leoleo hakucheka tena. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, "Nitapika yangu."

Yapasa nieleze kwamba hakuwa akipayuka. Katika ujana wake alifanya kazi katika kiwanda cha bia, upande wa mitambo ya baridi, na kwa miaka mingi aliona jinsi wapishi walivyohangaikia joto la mapipa yao kuliko mama anavyohangaikia joto la mwanawe. "Watu hudhani bia ni kimea na maua machungu," alizoea kusema. "Bia ni baridi. Hayo mengine ni uji."

Hata hivyo, bia ya kwanza aliipikia nyumbani, chini ya bati, katika msimu wa joto, kwa sababu mwenye hamu hasikii hata maneno yake mwenyewe. Hamira ilichemka kama sufuria lililosahauliwa jikoni. Nguo za shule za watoto zilinuka hata mwalimu akauliza. Tulipoionja, kinyozi aliishikilia mdomoni kwa muda, akaitema nje ya mlango, akasema, "Mke wangu anayo hii. Huitumia kutolea rangi ya kucha."

Mke wa Leoleo, mwanamke mpole ambaye upole wake una mpaka ulio wazi, aliiweka ndoo nje ya kizingiti. "Baba watoto, nakupenda. Ndoo siipendi. Chagua itakapolala."

Ndoo ikahamia karakana. Na hapo karakana palikuwa na friji.

Friji hilo lilikuwa la muuguzi mkuu mstaafu, ambaye mtaa mzima humwita Matroni, kwa kuwa nusu ya mtaa ilipokewa duniani kwa mikono yake. Alilileta miaka kadhaa nyuma, kompresa yake ikiwa imeungua. Leoleo alimwambia kweli siku ileile: kompresa ya namna hiyo ni ghali, na bila hiyo friji ni kabati. "Lakini sikiliza, mama. Siku utakayoniletea kompresa, siku hiyohiyo utaondoka na friji lako." Matroni alijibu kwamba pensheni haina haraka kama ya fundi, na kwamba mpaka siku hiyo alitumie kuwekea spana. Likakaa pembeni, likawekewa spana.

Friji lililokufa, hata hivyo, halijapoteza kuta zake. Leoleo aliondoa spana, akaisimamisha ndoo ndani, akaizungushia chupa za maji yaliyogandishwa, na kuzibadilisha asubuhi na jioni. Kutoka kwenye kifuniko cha ndoo alitoa mpira mwembamba, akauzamisha ndani ya chupa ya maji ili pumzi ya hamira itoke na hewa ya nje isiingie. Mlango ulipofungwa, ulisikia humo ndani sauti ndogo ya kuridhika: blup, kisha kimya, kisha blup. Kinyozi aliweka sikio ukutani na kutupa habari. "Leo amepumua vizuri," alisema.

Basi ilikuwa Alhamisi asubuhi, bia ikiwa katikati ya kazi yake, nami nimekaa kwenye benchi nikingoja pasi yangu itengenezwe, Matroni alipoingia na boksi kifuani. Nyuma yake, barabarani, palisimama mkokoteni na vijana wawili wa kuusukuma.

"Shikamoo, mama," Leoleo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mambo yamekuwa." Aliliweka boksi mezani, akalifungua. Kompresa mpya ilikaa ndani kama yai kwenye kiota. "Dada yangu anakuja kuishi kwangu. Anaingia kesho alfajiri, na sindano zake za sukari haziwezi kulala kwenye joto. Wewe uliniambia siku ya kompresa ndiyo siku ya friji. Nimeleta na mkokoteni kabisa, maana nakujua."

Nilimtazama Leoleo. Aliitazama kompresa, akatazama friji, akanitazama mimi, kama kwamba kipimo cha ardhi kingemfaa. Kisha akafumbua kinywa, na kutoka humo likatoka neno ambalo sikuwahi kulisikia katika chumba kile.

"Njoo kesho, mama."

Nyuma ya ukuta wa mbao wembe wa kinyozi uliacha kukwaruza. Mara alikuwa mlangoni, na nyuma yake mteja mwenye shuka shingoni, shavu moja limenyolewa, la pili lina povu.

"Umesema nini?" kinyozi aliuliza.

"Nimesema... kuna vitu vidogo vinakosekana," Leoleo alisema.

"Vitu gani?"

"Wewe una mteja!"

"Mteja naye anataka kujua," mteja alisema.

Matroni hakukasirika. Lingekuwa jambo jepesi kama angekasirika. Alimsogelea fundi, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akamshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo huku akitazama saa yake. "Umelala vizuri? Umekula?" Kwa hakika alidhani mtu huyu ni mgonjwa; kati ya maelezo mawili, kwamba Leoleo ana homa au kwamba Leoleo anamdanganya, alichagua lile alilokuwa na ushahidi nalo.

Kabla hajajibu, friji lilisema: blup.

Matroni aliuachia mkono. "Limechomekwa kwenye umeme?"

"Hapana, mama."

"Sasa linanguruma na nini?"

Alilikaribia, akainamia mlango, akategea sikio kama ategeaye kifua cha mtu. Blup. Akainuka, akamgeukia fundi, safari hii bila huruma ya kiuguzi. "Mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua."

Hapo ndipo nilipomwona Leoleo akipungua kimo na kisha kurudia kimo chake. Alivua kofia. "Nimekudanganya, mama. Hakuna kinachokosekana. Nina gesi, nina mabomba, na kompresa umeleta. Ndani ya friji lako nina bia. Nikiitoa kwenye baridi leo, huenda ikaharibika. Nami nimeona afadhali neno langu liharibike. Hilo si sawa. Friji utaondoka nalo leo."

"Fungua nione," Matroni alisema.

"Joto litaingia..."

"Nimeona matumbo ya watu wazima yakifunguliwa, nitashindwa na mlango wangu mwenyewe?"

Alifungua. Aliitazama ndoo, chupa za barafu, na mpira. Alinusa mara moja, akanusa tena polepole. "Alilazwa lini?"

"Jumapili, mama."

"Joto lake?"

Leoleo alimwonyesha kipimajoto kilichoning'inia ndani. Matroni alikisoma kwa kukiweka mbali na macho, kama wasomavyo wa rika letu.

"Anaendelea vizuri," alisema. "Lakini kitanda kinahitajika. Mtoeni taratibu, na asitikiswe. Wewe mwenye wembe, weka wembe chini kwanza."

Tuliitoa ndoo sisi watatu, hatua kwa hatua, kama wabebao trei ya mayai, na mteja wa kinyozi akiongoza njia kwa upande wake wenye povu. Tuliiweka kwenye kona ya karakana isiyofikiwa na jua. Leoleo hakuipa ndoo jicho la pili. Alikunja mikono ya shati, akakata mabomba ya kompresa iliyoungua, akaitoa.

Mimi ndiye niliyeuliza, "Na bia?"

"Iache," alisema. "Nimekwisha kuchagua."

Kinyozi hakuweza kuiacha. Alizunguka ndoo kama jamaa wa mgonjwa kwenye baraza ya hospitali. "Wewe ndiye fundi wa baridi, bwana! Baridi uliyosomea ni ya friji tu?"

Leoleo aliendelea kuchomelea bomba. Alipozima moto alisema bila kuinua kichwa, "Ukitoka kuoga ukasimama kwenye upepo, unahisi nini?"

"Baridi."

"Basi mwogeshe, umpe upepo."

Maelezo hayakuhitaji kurudiwa. Beseni lilitoka kwangu, shuka la pamba likatoka kwa kinyozi, na feni, ile feni moja aliyojivunia na kuiandika hata kwenye kibao cha mlangoni, ikahamishwa kutoka kwa wateja wake. Tuliisimamisha ndoo ndani ya beseni la maji, tukaivika shuka lililoloweshwa hadi likagusa maji, tukaiwashia feni. Siku zilizofuata wanaume wa mtaa ule walinyolewa wakitiririka jasho, na walipolalamika, kinyozi aliwajibu, "Pole, mkubwa. Yupo aliye mahututi kuliko wewe." Mimi nilipewa kazi ya kuongeza maji, kwa kuwa mstaafu hana udhuru.

Friji lilijazwa gesi adhuhuri. Alasiri liligandisha maji ndani ya kikombe alichokiweka Matroni mwenyewe kwa majaribio. Kabla jua halijazama lilikwisha kufungwa kwa kamba juu ya mkokoteni, na Leoleo alitembea kando yake hadi mlangoni pa mwenyewe, mkono mmoja ukilishikilia, kwa sababu friji lililojazwa gesi mpya halipaswi kulazwa. Usiku ule lilisimama jikoni kwa Matroni likifanya kazi, na dada yake alipoingia alfajiri, sindano zilipata mahali.

Bia ilimaliza kupumua kwenye beseni, ikatiwa katika chupa, ikapumzishwa muda wake. Tukaitana Ijumaa moja jioni karakana kwa Leoleo, mke wake akiwamo, na Matroni akiwamo, kwa kuwa, alisema, mgonjwa aliyelazwa kwake lazima amwone akitoka. Ilitoka chupani na povu jeupe. Haikuwa kama ya kiwandani. Ilikuwa nzito kidogo, na mwishoni ilikuwa na ladha ya mkate uliobanikwa. Lakini ilikuwa bia, na kila mmoja wetu alikuwa na glasi nzima iliyojaa, jambo ambalo lilitufanya tuone haya kama watu waliovaa nguo mpya.

"Mama watoto, wasemaje?" Leoleo alimwuliza mkewe.

Aliionja tena kabla ya kujibu. "Nasema ndoo inaweza kurudi nyumbani. Nje, karibu na bomba. Si ndani."

Matroni aliimaliza yake, akaifuta midomo kwa leso. "Hajambo. Mpeni ruhusa."

Ndipo tulipoona kwamba glasi ya Leoleo imejaa, nayo imefunikwa kisahani.

"Wewe hunywi?" kinyozi aliuliza.

"Mimi kesho."

"Kwa nini kesho?"

"Nilimwambia mama aje kesho, mbele yenu nyote. Na mimi nionje inavyokuwa kuambiwa hivyo."

"Lakini friji alilipata siku ileile!" kinyozi alisema. "Neno ulilifuta mwenyewe. Matroni, mwambie."

"Mwacheni," Matroni alisema. "Dawa anayojiandikia mwenyewe ndiyo anayomaliza."

Nilipita karakana siku iliyofuata, mchana. Mlango ulikuwa wazi na feni imerudi kwa kinyozi. Leoleo alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo sikuwahi kumwona amekaa, na glasi mkononi. Povu lilikwisha kwenda zake. Alikunywa polepole, hadi tone la mwisho, kwa utulivu wa mtu anayetekeleza hukumu aliyoikubali.

"Vipi, tamu?" kinyozi aliuliza kutoka upande wa pili wa mbao.

Leoleo alifikiri, kwa sababu hakutaka kusema lisilo kweli.

"Imelala," alisema. "Lakini yangu." Akainuka kwenda kuisuuza glasi.