Muthama Alivyohamia Lusaka

Ilikuwa mwaka wa 2023. La, tusidanganyane, ulikuwa 2024, maana ndio mwaka mafuriko yaliingia nyumba za chini kule Kware, Nairobi, watu wakapandisha magodoro kwa ngazi. Muthama alikaa orofa ya tano na mkewe Nzisa. Maji yalijaa kila mahali isipokuwa kwenye mfereji wao wa jikoni. Ya kupikia aliyabeba kwa mitungi, ngazi sabini na mbili, na magoti yake ya miaka hamsini na nane yalizijua zote.

Siku hizo simu yake haikukosa sauti ya Ndolo. Hawa wawili walichonga vinyago pamoja miaka kumi na tisa katika banda moja la wachongaji, wamekaa wakitazamana, mpaka Ndolo alipohamia Zambia.

"Muthama ndugu yangu, huku Lusaka mtu ana uwanja! Nimekaa chini ya mpera wangu, maji ni kufungua tu. Wewe huko dirisha lako linaangalia dirisha la jirani. Unajua hata anakula nini."

"Leo ni omena," Muthama alimjibu, wakacheka.

Lakini kicheko kikiisha alibaki akilitazama lile dirisha. Nzisa hakucheka.

"Baba Nthambi, kama huko ni kuzuri hivyo, mbona bibi yake bado yuko Lucky Summer, hapa hapa Nairobi?"

"Anangoja watoto wamalize shule."

"Haya."

Bandani kulikuwa na desturi ya tangu enzi za wazee. Kila mchongaji ana gogo lake la kukalia na namba yake, ambayo huichoma kwa msumari wa moto chini ya kila kinyago, na wanunuzi humjua mtu kwa hiyo namba. Gogo la Muthama, mia moja kumi na mbili, lilikuwa la baba yake. Mtu akisafiri huichomeka tezo yake, lile shoka dogo la kuchongea, juu ya gogo. Maadamu tezo iko pale, hakuna wa kulikalia, hata miaka mitatu ipite. Akiondoka nayo, basi amehama, na anayefikiriwa kwanza kupewa gogo hilo ni mwanachama wa zamani anayetaka kurudi.

Muthama alipokata shauri kwenda Lusaka, Nzisa abaki kwanza, aliamua kuiacha tezo yake juu ya gogo. Jioni ya mwisho Ndolo akapiga simu.

"Njoo na tezo yako, bwana. Za huku ni takataka, hazikati hata papai."

"Na gogo?"

"Gogo la nini tena? Kwani unakuja kuishi au unakuja kutembea?"

Muthama akaona haya, kama mtu aliyeshikwa na mguu mmoja nje ya mlango. Kesho yake akaing'oa.

Lusaka, Ndolo alimpokea stendi, akamkumbatia, akambebea mfuko. Mpera ulikuwepo kweli. Uwanja ulikuwepo, na kimya, na majirani waliomwamkia kwa kupiga makofi taratibu kama wanaamkia chifu. Hewa haikunuka moshi wa takataka. Hayo yote Ndolo hakuyatia chumvi. Asichosema ni kwamba mvua zilikuwa zimekataa, mabwawa yamekauka, na stima ilikuja saa chache tu kwa siku. Pampu bila stima haipandishi maji. Muthama akarudia mitungi yake. Angalau hapa hapana ngazi, alijiambia, na siku nyingine aliona hilo linatosha.

Siku ya tisa Ndolo alisema anapeleka vinyago Livingstone kwa watalii, atarudi Jumamosi. Jumamosi mbili zikapita, simu imezimwa. Muthama alienda sokoni kutafuta msasa, akapita penye wahunzi, akasimama. Tezo zilikuwa zimepangwa juu ya gunia, kama arobaini hivi. Akaokota moja, akaijaribu kwenye kipande cha mti. Ilikata vizuri kuliko yake.

"Mzee, hujaipenda?" mhunzi mmoja alimuuliza kwa Kiswahili cha Kongo.

"Nimeipenda sana," Muthama alisema, kisha akakaa chini, pale pale vumbini.

Alirudi Nairobi Machi iliyofuata, alipopata nauli. Alipoingia bandani, milio ya tezo ilikatika mmoja mmoja. Mwenyekiti, mzee Muindi, alimwahi mlangoni.

"Karibu nyumbani. Lakini Muthama, uliondoka na tezo. Tungefanya nini?"

"Hamkukosea, mwenyekiti."

Ndolo alikuwa amekalia gogo mia moja kumi na mbili, twiga katikati ya miguu, akimsugua msasa mahali palipokwisha kulainika.

"Ndugu yangu," alisema bila kuinua macho. "Kule si kubaya. Ila mtu hawezi kuzeekea kwa watu."

"Ni kweli. Kule kuna nafasi, hapa kuna watu wetu. Nimepima sana na sijajua kipi kizito."

Wachongaji waliinamia kazi zao wasizozifanya. Muthama hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu:

"Ndolo, ungeniomba tukae zamu kwenye hili gogo, wewe asubuhi, mimi alasiri, ulidhani ningekunyima?"